Sura ya Saba: Vyuma Vinavyopinda

Dereva Xing Genhuai alikuwa na pingu mikononi, kwa hiyo aliisukuma ile karatasi kwa kiwiko mpaka ikaanguka sakafuni.

"Siweki saini."

"Hujaisoma," alisema Inspekta Lian Shuhui.

"Nimesomewa mpaka naijua. Inasema nilisimama njiani nikaongezewa makaa. Sikusimama, afande. Hata haja ndogo nilibana mpaka darajani."

Lian aliiokota karatasi, akaiweka kando. Kifua cha dereva kilikuwa kimefungwa bandeji, na kila alipovuta pumzi alikunja uso. Daraja la Shizui lilikatika chini ya gari lake asubuhi ya Jumanne. Yeye alitupwa nje kupitia kioo cha mbele na kuvunjika mbavu. Mume na mke waliokuwa wakirudi kutoka kuuza tofu kwa bajaji yao ya mizigo waliangukiwa na tela, wakafia mtoni.

Tiketi ya mizani ya mgodi wa Heiyagou ilikutwa kwenye kabini ya gari: tani arobaini na nane nukta sita, gari na mzigo pamoja. Sheria inaruhusu arobaini na tisa kwa gari la ekseli sita. Daraja lenyewe lilijengwa kubeba hamsini na tano, na wahandisi wa barabara walikuwa wameapa kwamba haliwezi kukatika chini ya sabini. Basi ama makaa yaliongezwa baada ya mizani, ama tiketi inadanganya. Mgodi ulisema yaliongezwa. Makaa yenyewe hayakuwepo ya kupima. Kabla jua halijazama siku ile ile, makatapila ya mgodi yalikuwa yameshayazoa yote mtoni, eti kuokoa maji ya wakulima.

"Gari lilikuwaje siku ile?" Lian aliuliza.

"Zito. Kwenye mteremko breki zilinuka."

"Zito kuliko siku nyingine?"

Xing alimtazama kana kwamba ameulizwa swali la kitoto. "Hapana. Kama siku zote."

Kalamu ya Lian ilisimama. "Rudia."

"Kama siku zote. Uliza dereva yeyote wa Heiyagou. Wote tunateremka tukiwa tumeng'ata meno."

Nje, kwenye korido, Kamanda Que alikuwa akimngoja na kikombe chake cha chai chenye mfuniko.

"Amesaini?"

"Hajasaini."

"Shuhui, ndugu wa marehemu wamekaa getini kwangu. Wanataka jina la mtu. Jina tunalo."

"Mizani bado sijaiona."

"Ina lakiri ya serikali. Iligongwa baada ya matengenezo ya kiangazi. Unataka kuona nini?"

"Kama ni nzima, haitanichelewesha," alisema Lian, akaanza kuvaa koti. "Mhandisi Mou ameshatangulia na mawe yake ya kupimia."

"Nani alimwita?"

"Mimi."

Kamanda alifunua kikombe, akakifunika tena bila kunywa. "Ukirudi mikono mitupu, faili hili nampa mtu mwingine."

"Nikirudi mikono mitupu nitakupa mwenyewe."

*

Mgodi wa Heiyagou ulikaa kwenye koo la bonde, na barabara yake moja ilipita juu ya mizani kama ulimi. Jukwaa la chuma, refu kuliko gari na tela lake, lilikuwa sawa na ardhi. Pembeni kilisimama kibanda cha karani, na juu ya kibanda ubao mkubwa wa taa nyekundu, ili madereva wauone uzito wao bila kushuka. Magari yalikuwa yamepanga foleni mpaka kwenye kona ya mlima.

Mhandisi Mou Tingzhong, wa taasisi ya vipimo ya mkoa, alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori lake la mawe ya mizani, akibangua mbegu za alizeti.

"Umechelewa, Inspekta. Meneja ameshaninywesha chai mpaka tumbo linacheza."

"Na umempima?"

"Yeye? Yeye ni tani nzima ya maneno." Mou alitema ganda. "Mizani yake bado. Nilikungoja."

Meneja Dou Yaozong aliwajia akitabasamu, kofia mpya ya mgodi kichwani. Aliwapa mikono wote wawili, akampa na dereva wa kreni.

"Inspekta, pima. Pima mpaka uchoke. Sisi hapa hatuna cha kuficha. Ila nakuomba, foleni ile ni mkate wa watu."

"Tutaharakisha."

Wakaanza na kisanduku cha nyaya. Lian alikuwa amewahi kukamata wezi wa mizani kwenye ghala la mahindi. Wale walificha kadi ndogo ndani ya kisanduku kama hiki, karani akibonyeza kidude mfukoni uzito unapungua. Mou alikata lakiri, akafungua mfuniko, akazifuata nyaya moja moja kwa bisibisi na kurunzi. Nyaya za vihisi vinane ziliingia, waya mmoja ukatoka kwenda kibandani. Hapakuwa na kadi wala kidude. Kibandani nako mashine ilikuwa safi, na karani akageuza mifuko yake nje mwenyewe, kwa hasira.

"Hamna," alisema Mou.

"Hamna," alirudia Dou kwa furaha.

Yakaja mawe. Kila jiwe lilikuwa chuma cha tani moja chenye sikio la kunyanyulia. Kreni iliyapanga manne pembe ya kwanza. Ubao ukaandika nne. Pembe ya pili, nne. Ya tatu, ya nne, vivyo hivyo. Katikati wakapanga yote ishirini. Ubao ukaandika ishirini, na sifuri nyuma yake haikutikisika.

Mou aliinua mabega. "Siwezi kusema kingine. Hii mizani ni mwaminifu kuliko mke wangu, na mke wangu ananipimia hadi chumvi."

"Basi tumemaliza," alisema Dou. "Karibuni mezani. Kuna kondoo."

"Ruhusu magari mengine yapite kwanza," alisema Lian. "Nataka kuangalia tu."

Akasimama kando ya kibanda, mikono mfukoni. Likapita gari lenye makaa yaliyosawazishwa na ukingo wa tela. Ubao: 48.3. Likapita lililojazwa mpaka turubai likawa na nundu. Ubao: 48.7. Likapita la tatu, nundu mbili, matairi yamebonyea kama mtu aliyekalia mto. Ubao: 48.9.

"Wapakiaji wako hodari sana," alimwambia Dou.

"Wamezoea."

"Lile la kwanza na hili la tatu yanaonekana kama mtoto na baba yake. Yanapishanaje kwa kilo mia sita tu?"

"Makaa si mchele, Inspekta. Kuna mazito, kuna mepesi. Kuna yenye maji." Tabasamu lake halikuondoka. "Mhandisi amesema mizani ni sahihi. Sasa unapima kwa macho?"

Mou alikuwa ameacha kubangua mbegu. Naye alikuwa akilitazama gari la tatu likipotea konani.

"Fungua chini," Lian alimwambia.

"Chini kuna matope," alisema Dou.

"Nimevaa buti."

*

Mlango wa shimo ulikuwa ubavuni mwa jukwaa. Mwanga wa mchana uliingia kwenye upenyo kwa mistari. Walitambaa, Mou mbele na kurunzi, Lian nyuma yake. Kila kitu kule chini kilikuwa cheusi: kuta, nyaya, hata utando wa buibui, vumbi la makaa limekaa juu ya vumbi la makaa.

"Hiki hapa," alisema Mou, akaangaza kihisi cha kwanza. Kilikuwa mhimili mfupi wa chuma, umelala kati ya msingi wa zege na jukwaa. "Jukwaa zima linakaa juu ya vitu hivi vinane na si kingine. Mzigo ukija, chuma kinapinda kidogo sana. Ndani yake mna waya mwembamba, unahisi kule kupinda na kupeleka habari juu. Ndiyo mizani yenyewe. Vingine vyote ni mapambo."

Akafuta ubavu wa chuma kwa kidole gumba. Akafuta tena.

"Nini?"

"Soma."

"Tani kumi."

"Kumi!" Sauti ya Mou iligonga ukutani. "Nani mwendawazimu kaweka kihisi cha tani kumi kwenye mizani ya malori ya makaa?"

"Vinane mara kumi ni themanini. Gari lina hamsini. Kosa liko wapi?"

"Kosa ni kwamba lori halikai kama gunia, Inspekta. Linaingia kwa ekseli. Ekseli tatu za nyuma zikipita juu ya vihisi viwili, hivyo viwili peke yao vinabeba karibu mzigo wote, na vile vingine sita vinapiga miayo. Dereva akifunga breki juu ya jukwaa, ni kama kugonga nyundo. Ndiyo maana mtu anayechagua kihisi huanza na ile siku mbaya kabisa, gari zito kabisa, dereva mpumbavu kabisa, halafu anaongeza. Hapa ni thelathini. Mimi ningeweka vile vyenye umbo la nguzo, vimelehemiwa pande zote, maji na vumbi visiingie. Na hivi tazama, vimezibwa kwa mpira tu. Ni vya mizani ya kupimia ng'ombe."

"Kwa hiyo vilitakiwa kuvunjika."

"Zamani sana."

"Mbona havijavunjika?"

Lian alimnyang'anya kurunzi, akaisogeza taratibu kulia mwa kihisi. Hapo, juu ya zege, palikuwa na bonge la chuma lililolehemiwa, limesimama wima karibu kugusa tumbo la jukwaa. Lilikuwa jeusi kama kila kitu kingine, isipokuwa uso wake wa juu. Uso ule uling'aa kama mgongo wa kijiko.

"Hili ni nini?"

"Kizuizi. Mizani nyingi zinacho, jukwaa lisiyumbe. Lakini hukaa pembeni, hakikai..." Mou alijivuta mbele kwa viwiko. Akatoa kadi yake ya kazi, akajaribu kuipitisha kati ya bonge na jukwaa. Kadi ilikataa. Akachana kipande cha pakiti ya mbegu. Hicho kikapita kwa shida.

"Vumbi kila mahali," alisema Lian, "na hapa juu pamesuguliwa. Kitu kinakaa hapa kila siku."

Walitambaa mpaka kihisi cha pili, cha tatu, mpaka cha mwisho. Kila kimoja kilikuwa na bonge lake, na kila bonge uso wake uling'aa.

"Nieleze kama unavyomweleza mkuu wangu," alisema Lian. "Polepole."

Mou alikuwa akihema. "Kihisi kigumu, cha tani thelathini, hushuka kidogo mno. Ukitaka kukitegea bonge, upenyo wake ungekuwa mwembamba kiasi kwamba vumbi lingeujaza mara moja, na mizani ingekosea hata kwa mawe yangu. Lakini hiki cha tani kumi ni laini. Kinashuka vya kutosha. Mawe ishirini yanapita, kwa sababu jukwaa bado linaelea. Gari la kawaida linapita. Lakini uzito ukikaribia arobaini na kitu, jukwaa linakalia mabonge. Kinachozidi kinaingia kwenye zege. Vihisi havikioni, ubao haukioni."

"Ndiyo maana havivunjiki."

"Ndiyo maana. Vimelindwa." Mou aligonga bonge kwa fundo la kidole. "Ishirini ndiyo mawe yote tuliyonayo mimi na wapimaji wa wilaya. Waliogonga lakiri ya kiangazi walipima kama nilivyopima mimi leo, wakakuta kila kitu sawa, wakala kondoo."

"Dou anaweza kusema fundi alikosea. Alichagua vihisi vidogo kwa ujinga, akaweka mabonge ili visivunjike."

"Anaweza," Mou alikubali.

"Basi twende kwa fundi."

*

Duka la fundi Ji Baoquan liliuza mizani za kila aina, kuanzia za wauza mboga. Yeye mwenyewe walimkuta kwenye mgahawa wa jirani, ameinamia bakuli la tambi za kukatwa kwa kisu, akimimina siki. Lian alivuta kiti, akaketi mbele yake. Mou alisimama mlangoni.

"Ji Baoquan. Mizani ya Heiyagou ulitengeneza wewe?"

"Radi ilipiga kiangazi. Ikaua vihisi vyote. Nikabadilisha." Aliendelea kumimina siki mpaka ikafika ukingoni mwa bakuli.

"Ukaweka vya tani kumi."

"Mteja ndiye anayechagua."

"Wewe una miaka mingi kwenye kazi hii. Mteja akitaka kufunga gurudumu la baiskeli kwenye lori, unafunga?"

"Mimi nina duka, afande, sina mahakama."

"Mahakama ninayo mimi. Kuna watu wawili waliokufa. Mpaka sasa aliyeweka vihisi vile ni wewe, na hakuna jina lingine."

Ji aliweka chupa ya siki chini. Mikono yake ilikuwa na makovu ya kulehemu. "Mimi nilipeleka vya thelathini. Vya nguzo, vizuri kabisa. Nilivibeba mwenyewe kwenye pikapu. Vikarudishwa."

"Nani alivirudisha?"

Ji alichukua vijiti vyake vya kulia, akavirudisha mezani.

"Ji Baoquan, yule mwanamke wa tofu alikuwa akipita hapa?"

"Kila asubuhi." Alitazama bakuli lake. "Nilikuwa nanunua kwake."

"Basi?"

"Alikuja dukani mwenyewe. Dou. Wateja wengine huuliza kihisi gani hakiharibiki, kipi kinavumilia maji, radi. Yeye aliviweka vyote mezani, akaniuliza kipi kinapinda zaidi."

"Maneno yake hayo?"

"Hayo hayo. 'Fundi Ji, kipi kinapinda zaidi?' Nikadhani ananitania. Nikamwambia bosi, anayetafuta mizani hutafuta kisichopinda. Akacheka. Akasema, 'Wewe nipe kinachoinama, kusimama nitakisimamisha mimi.'"

"Na mabonge?"

"Sikuweka mimi. Naapa. Wachomeleaji wa mgodi waliweka baada ya mimi kuondoka. Nilikuja kuyaona siku niliyoitwa kukaza nyaya."

"Uliyaona ukanyamaza."

Ji aliinua uso, na sasa alikuwa na hasira. "Ningemwambia nani? Niambie wewe, afande. Kwa Kamanda wako? Dou na yeye wanakula meza moja kila sikukuu. Ningemwambia nani katika wilaya hii?"

Mpishi alisimama na kisu na donge la unga mkononi.

"Niambie mimi," alisema Lian. "Ndiyo umeshaniambia. Maliza kula, utakuja kuyarudia mbele ya mwandishi."

"Nitarudia," alisema Ji. "Mbele ya Dou mwenyewe nitarudia."

*

Simu ya Kamanda Que iliwakuta njiani wakirudi mgodini. Lian aliiweka kwenye spika, Mou asikie.

"Nimeambiwa umefunga barabara ya Heiyagou."

"Bado. Ndiyo naenda kuifunga."

"Meneja Dou anasema mhandisi ameipima mizani na iko sahihi."

"Iko sahihi, mkuu. Mpaka tani arobaini na kitu."

"Unasema nini wewe? Rudi ofisini. Hiyo ni amri."

"Nitarudi na mshitakiwa."

"Lian Shuhui!"

"Kama si hivyo, niandikie. Andika kwamba umenikataza kupima mizani iliyoua watu wawili, weka saini na muhuri, nitageuza gari hapa hapa."

Spika ilikwaruza kwa muda, kisha ikakatika.

"Hataandika," alisema Mou.

"Najua."

Getini Dou alikuwa amebadilika. Tabasamu halikuwepo, na nyuma yake walisimama walinzi wenye virungu vya mpira.

"Mlishapima. Mkapata jibu. Sitasimamisha kazi mara ya pili."

"Humsimamishi mtu," alisema Lian. "Tunapima gari linalofuata, kama karani wako anavyolipima. Kuna ubaya?"

Gari lililofuata lilikuwa la Shi Cuirong, mwanamke mnene wa miaka hamsini hivi, kitambaa chekundu kichwani, aliyekuwa ameegemea dirisha akitafuna kijiti cha meno. Alilipandisha tela lake kwenye jukwaa, akazima injini. Ubao: 48.6.

"Mama Shi," alisema Lian, "nakuomba ushuke. Tunataka kukuongezea mzigo."

"Mnataka kuniua kama wale?"

"Tunataka uone."

Mou alitoa ishara. Kreni ikanyanyua jiwe la tani moja, ikalipitisha juu ya vichwa vyao, ikaliweka nyuma ya tela, juu ya makaa. Jiwe lilizama nusu. Matairi yalinung'unika. Madereva wa foleni walikuwa wameshaanza kushuka, wanakuja mmoja mmoja, wanasimama kandokando ya jukwaa.

Ubao: 48.6. Ukasitasita. 48.7.

"Tani moja," alisema Mou kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Kilo elfu. Ubao umeona mia. Weka la pili!"

Jiwe la pili lilitua kando ya la kwanza. 48.7. Ubao haukusogea.

"La tatu! La nne!"

48.8. 48.9. Kreni iliendelea. Jiwe la tano liliposhuka, springi za tela zililia na Shi Cuirong akaziba masikio, lakini macho aliyatoa ubaoni. 49.0.

Kijana mmoja alicheka kwa sauti, peke yake. Kisha akaacha.

"Tani tano ziko pale juu," alisema Lian. "Mnaziona kwa macho yenu. Zimeenda wapi?"

"Mizani imeharibika!" Dou alipaza sauti. "Mmeiharibu na mavyuma yenu! Asubuhi ilikuwa nzima!"

"Ilikuwa nzima kwa ishirini," alisema Mou. "Na sasa hivi nikiyatoa haya na gari, nikaweka ishirini tupu, itakuwa nzima tena. Nifanye?"

Dou aligeuka kuwatazama walinzi wake.

"Ulimuuliza fundi Ji kipi kinapinda zaidi," alisema Lian. "Mbele ya kaunta yake, mchana. Anakuja kukwambia usoni."

"Fundi wa mizani za mboga! Neno lake na langu! Unajua unaongea na nani? Nusu ya wilaya hii inakula kwangu!"

"Nusu nyingine inazikwa kwako."

Mou alikuwa amekwisha kutoa ukanda wake mwekundu wa karatasi wa kufungia mizani, akaubandika kwenye mlango wa kibanda, toka mwimo mpaka mwimo. Mlinzi mmoja alisogea kuubandua. Mou alisimama mbele yake, kichwa chake kikifika kifuani mwa yule mlinzi. "Bandua," alisema. "Bandua nikuone." Mlinzi alimtazama Dou, akawatazama madereva waliokuwa wakizidi, akarudi nyuma.

Shi Cuirong alikuwa bado amesimama kando ya tela lake. Alikitema kile kijiti.

"Afande. Bila mawe yenu, mimi hapo nina tani ngapi?"

Lian alimgeukia Mou.

"Kwa hesabu ya ekseli na jinsi tela lilivyokaa," alisema Mou, "si chini ya sabini na mbili. Jibu kamili nitakupa likipimwa kwenye mizani ya kweli."

"Sabini na mbili." Mama yule alisema polepole, kama anayeonja kitu. "Msimu wa baridi nilimpeleka mjukuu wangu hospitali kwenye gari hili. Mteremko ule wa Shizui, barafu chini. Sabini na mbili nyuma yangu." Akamtazama Dou. "Na Xing Genhuai mmemfunga."

"Panda gari lako, mama, uondoke mizanini," alisema Dou. "Ukikaa hapo hutapata safari nyingine kwangu. Wala mwanao."

"Mawe yenu toeni," Shi Cuirong alimwambia mtu wa kreni.

Kreni iliyatoa, moja baada ya jingine. Mama alipanda kabini. Dou aliisogeza kofia yake kichwani, akashusha pumzi. Injini iliwaka. Gari halikuelekea barabarani. Lilishuka jukwaani kwa nyuma, polepole, likaukata uwanja, likasimama mgongo wake ukielekea ngazi za ofisi ya meneja.

"Wewe! Wewe mwanamke!"

Tela lilianza kuinuka mbele. Makaa yalishuka kidogo kidogo, kisha yakaporomoka yote kwa mngurumo, yakafunika ngazi, yakapanda mlangoni, yakavunja kioo cha dirisha la chini na kuingia ndani. Vumbi jeusi lilisimama kama ukuta. Lilipotulia, tela la mama lilikuwa tupu na limenyooka, na yeye amening'iniza mkono dirishani.

"Sasa nipimeni!" alipiga kelele. "Sasa mimi ni mwepesi!"

Dereva wa pili kwenye foleni alikimbilia gari lake. Wa tatu akamfuata. Walinzi walitafutana kwa macho, mmoja akaweka kirungu chake chini ya kwapa akawasha sigara. Malori yaligeuka kwa zamu, kwa nidhamu ambayo hakuna aliyeipanga, na kila moja lilimwaga lilipopata nafasi: mbele ya ofisi, getini, kwenye eneo la kuegesha, mpaka gari jeusi la kifahari la meneja likabaki kioo cha nyuma tu.

Lian alimshika Dou mkono juu ya kiwiko. Hakupinga. Alikuwa akilitazama gari lake.

"Mnaniharibia mali," alisema.

"Pita huku," alisema Lian. "Huko kwingine hakupitiki."